Kazi Hiyo Hufanywa Akiwa Ameketi

Sentensi yenyewe ni fupi. Iko ukurasa wa mwisho wa ripoti niliyoiandika, nikaitia saini na mhuri: "Mgonjwa ni fundi cherehani, na kwa kuwa kazi hiyo hufanywa akiwa ameketi, anaweza kuiendeleza bila tatizo kubwa." Hakuna aliyeniamuru niiandike. Kila neno nililichagua mwenyewe, na sikuwa na ushahidi wa hata moja. Nilisema jambo nisilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua, na mahakama ikaniamini.

Mimi ni daktari wa mifupa hapa Mombasa. Kando ya kliniki, kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika ripoti za kesi za ajali za barabarani. Aliyewahi kupita njia hiyo anaijua: mtu akigongwa anakwenda polisi, anachukua abstrakti, anajaziwa fomu ya P3, kisha wakili wake anampeleka kwa daktari aandike majeraha yake na ulemavu uliobaki. Kampuni ya bima ya gari lililomgonga haitosheki na ripoti hiyo. Inataka akaguliwe pia na daktari iliyemchagua yenyewe. Hiyo ndiyo ripoti ya pili, na ripoti ya pili ndiyo iliyonijengea nusu ya nyumba yangu.

Hakuna wakili wa bima aliyewahi kuniambia nipunguze asilimia ya ulemavu. Hakukuwa na haja. Daktari anayeandika asilimia kubwa haletewi faili nyingine, na jambo hilo hueleweka bila kuandikiwa barua. Lakini ningeisingizia pesa peke yake ningekuwa najipunguzia kosa, maana tamaa ya pesa ni rahisi kuikiri. Kilichonipofusha zaidi ni kujiona. Ripoti nyingi za kwanza zilikuwa zimetiwa chumvi: kidole kilichovunjika kikaunga sawasawa kinaandikiwa ulemavu wa asilimia 15, shingo iliyouma mwezi mmoja inaandikiwa ulemavu wa maisha. Nikajiona mimi ndiye ninayezirudisha kesi kwenye ukweli. Wenzangu walikisia, mimi nilipima. Nilikuwa na kipimo changu cha pembe, nilikuwa na kitabu changu cha majedwali, na nilikuwa na fahari ambayo sasa nikiikumbuka naona haya.

Mwanamke niliyemwandikia sentensi ile alikuwa amegongwa na matatu akivuka barabara asubuhi kwenda kazini. Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika pande zote mbili, akafungwa bamba la chuma na skrubu. Kufikia siku aliyoletwa kwangu mifupa ilikuwa imeunga vizuri, kovu limekauka, anatembea bila gongo ila kwa kuchechemea kidogo. Nilimlaza kitandani nikaweka kipimo. Kwa kawaida wayo wa mtu mzima hupanda kama nyuzi 20 na kushuka kama nyuzi 40 au zaidi. Wake ulipanda 5, ukashuka 15. Nikarudia, nikapata vilevile. Nikatazama eksirei, nikafungua jedwali, nikajumlisha: ulemavu wa kudumu, asilimia 6 ya mwili mzima. Daktari wa kwanza alikuwa ameandika 25.

Ile 6 mpaka leo siionei aibu. Ukiniletea mguu ule kesho nitaandika 6. Aibu iko kwenye mstari uliofuata. Nilimwuliza anafanya kazi gani, akasema ni fundi cherehani, nami nikaandika. Sikumwuliza anashonea wapi. Sikumwuliza cherehani gani, wala inaendeshwa na nini. Kichwani nilikuwa na picha ya mtu aliyekaa kitini akisukuma kitambaa kwa mikono, na picha hiyo ikanitosha. Nje kulikuwa na foleni. Nikasema ahsante, akavaa kiatu, akaenda zake.

Kesi ilipofika kusikilizwa, mawakili waliafikiana ripoti zote mbili ziingizwe bila madaktari kuitwa. Ni jambo la kawaida, linaokoa muda na gharama, na siku zile nililifurahia kwa sababu lilinipunguzia kusimama kizimbani. Maana yake ni kwamba sentensi yangu haikuulizwa swali na mtu yeyote. Wakili wa mama huyu alikuwa anadai vitu viwili: fidia ya maumivu, na fidia ya kupungua kwa uwezo wa kuchuma. Hicho cha pili kina mizizi mirefu katika sheria yetu. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikieleza mwaka 1984 katika kesi ya Butler dhidi ya Butler: mshahara uliokwisha kupotea ni jambo moja, na nguvu ya mtu kwenda sokoni kuiuza kazi yake ni jambo jingine, nayo ikipungua inastahili kulipwa.

Hakimu alimpa fidia ya maumivu. Hiyo nyingine aliikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa mimi. Aliandika kwamba kati ya ripoti mbili anaipendelea ya pili kwa sababu imepima kwa makini, imetaja nyuzi, imeeleza jinsi asilimia ilivyopatikana. Na daktari huyo makini anasema mdai anaweza kuendelea na kazi yake. Nakala ya hukumu nililetewa na wakili wa bima, akiwa na furaha, na mimi nikafurahi naye. Niliisoma aya ile mara mbili kwa raha ya mtu anayesifiwa.

Sasa ndipo ninapouona ubaya wenyewe. Daktari wa kwanza alikisia, na kila mtu mahakamani alijua amekisia, kwa hiyo hakumdhuru mtu. Mimi nilipima mambo manne kwa uhakika kisha nikalichomeka la tano ambalo sikulipima, na yale manne yakalibeba. Laiti ripoti yangu ingekuwa ya ovyo, hakimu angeitilia shaka.

Niligundua kwa suruali. Nilipeleka suruali kupunguzwa miguu kwa fundi mmoja Mwembe Tayari, naye akaniambia ningoje, haichukui muda. Nikakaa kwenye benchi, macho yangu yakawa usawa wa miguu yake. Cherehani ilikuwa ile ya kale ya Singer, yenye meza ya mbao na kanyagio pana la chuma chini. Alilipa gurudumu msukumo mmoja kwa mkono wa kulia, kisha miguu ikachukua. Kisigino chini, vidole juu. Vidole chini, kisigino juu. Haraka, bila kusita. Kifundo cha mguu ndicho kilichokuwa kikifanya kazi yote. Mikono ilikuwa inaongoza tu. Niliutambua mwendo ule kabla sijakumbuka nilikouona: ni kupanda na kushuka kulekule nilikokuwa nimekupima kwa nyuzi, nikakuandika, nikakutia saini.

Nilimwuliza fundi mguu mmoja ukiuma inakuwaje. Alicheka. Akasema miguu ikipoteza mwendo gurudumu linarudi nyuma, na likirudi nyuma uzi unakatika au unajisokota chini ya kitambaa, ukae ufumue. "Cherehani hii ni miguu, daktari," akasema. Alijua mimi ni daktari kwa sababu nilikuwa nimejitambulisha, kama kawaida yangu.

Nikarudi kwenye kitabu. Ni kile cha Chama cha Madaktari cha Marekani cha kupimia ulemavu wa kudumu, ambacho wengi wetu hukitumia au hukinukuu. Nilikuwa nimekitumia mpaka kurasa za majedwali zikalegea. Kurasa za mwanzo zilikuwa bado zimeshikana kama kimetoka dukani. Humo ndimo kitabu chenyewe kinapoonya kwamba asilimia zake ni za hasara ya kiungo, na kwamba zisichukuliwe moja kwa moja kuwa kipimo cha mtu kushindwa kazi. Kwa hiyo hata chombo nilichojivunia kilikuwa kimenikataza, nami sikukisoma.

Rafiki yangu wakili, ambaye nilimweleza jambo hili huku nikijifanya ni la daktari mwingine, alinisomesha zaidi. Alinionyesha kesi ya India, Raj Kumar dhidi ya Ajay Kumar, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2010. Ilihusu muuza jibini aliyeumia mguu barabarani. Majaji wale walitoa mfano wa mtu aliyekatwa mkono wa kushoto. Daktari anaweza kusema ulemavu wake ni asilimia 60. Akiwa dereva au seremala, hasara yake ya kipato inakaribia 100. Akiwa karani wa serikali, huenda asipoteze hata senti ya mshahara. Mkono ni uleule. Ndiyo maana, walisema, ni lazima kwanza kujua mtu alikuwa akifanya nini kabla ya ajali, na sasa anaweza kufanya nini na hawezi nini. Daktari ana lake la kusema katika hilo, lakini la kusema baada ya kuuliza.

Na hapa kwetu sheria haikuwa imelala. Kwa walioajiriwa kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu huiita WIBA. Hesabu yake ni nyepesi: mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Utingo wa lori anayelipwa 20,000 kwa mwezi, akiumia akiwa safarini akapewa asilimia 10, atapata 192,000. Nilikuwa nimejaza fomu za sheria hiyo kwa miaka, nikidhani jedwali lake ndilo mwanzo na mwisho. Kumbe ina kifungu kinachompa mkurugenzi anayeisimamia uwezo wa kuipandisha asilimia iwapo jeraha lina madhara mazito kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi ya mtu huyo. Waliotunga sheria walimfikiria fundi wa cherehani ya miguu kabla yangu.

Mama huyu hakuwa ameajiriwa. Alikodi kibaraza cha duka, akaweka mashine yake. WIBA haikumhusu, mlango wake ulikuwa mahakama ya madai, na huko asiye na hati ya mshahara huanza safari akiwa nyuma. Ingawa hata hilo lilikwisha kuwekwa sawa: mwaka 2005, katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja, Mahakama ya Rufani ilikataa wazo kwamba kazi na kipato cha mtu huthibitishwa kwa karatasi tu, kwani Wakenya wengi wanachuma bila kuweka kumbukumbu yoyote. Hakimu angeweza kukisia kipato chake. Tuseme 12,000 kwa mwezi, kwa miaka 12 ya kazi iliyobaki. Kwa kupungukiwa nusu ya uwezo, hiyo ni 864,000. Hata kwa asilimia 6 yangu ya ubahili, mtu angefika 103,680. Alipata sufuri, kwa sababu anayeweza kuendelea na kazi yake hana alichopungukiwa.

Nikamwuliza rafiki yangu, bado nikimsingizia yule daktari wa kubuni, kama kuna dawa. Akasema rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Muda huo ulikuwa umepita zamani. Kuomba hukumu ipitiwe upya kunawezekana kwenye vitabu, lakini pesa zilikwisha kulipwa na kupokelewa, na ushahidi huu "mpya" ulikuwapo siku zote, chini ya meza. Kisha akanitazama akauliza: "Huyo daktari ni wewe?"

Nilimpigia wakili wa mama huyu, nikamwomba amwulize kama angekubali tuonane. Nilitarajia akatae, na kusema kweli nilitumaini akatae. Alikubali. Nikavuka feri kwenda Likoni.

Cherehani ilikuwa sebuleni, imefunikwa leso, juu yake redio. Kibaraza alikwisha kukirudisha. Sasa anapokea kazi za mikono kutoka kwa mafundi wenzake, kutia vifungo na kupinda mapindo, na kudarizi kofia, kazi ya heshima lakini ya mwendo wa kobe. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi. Nilimweleza nilichokosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimejiandaa hata kwa machozi. Yeye aliniacha nimalize, kisha akasema:

"Mimi nalidhani waijua hii kazi kunishinda. Nikasema, daktari amesoma, labda kuna njia ya kukanyaga mimi siijui."

Alikuwa amejaribu, baada ya hukumu. Kaka yake ndiye aliyeisoma ile hukumu kwa sauti, nyumbani, mbele ya watu. Ilipofika pale pa kwamba anaweza kuendelea bila tatizo kubwa, nyumba nzima ikamgeukia. Tangu siku hiyo, kila akisema mguu unamzuia, anajibiwa kwamba daktari amesema unaweza. Akajilazimisha. Akakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, uzi ukakatika. Akaongeza wa kulia, jioni ukavimba mpaka kiatu kisiingie. Akatafuta mota ya kufunga kwenye mashine, lakini pale kibarazani hapakuwa na stima, na mwenye duka hakutaka kuvutiwa waya. Wateja wa sare za shule hawakungoja. Alipoacha, kaka yake alimwita mvivu aliyezoea pesa za bima.

Hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilidhani nimemkosesha pesa. Kumbe nilimkosesha na kuaminiwa, nyumbani kwake, na watu wake. Ripoti ya daktari haiishii kwenye faili la mahakama. Inasomwa na mume, na kaka, na mama mkwe, na inawafanya majaji.

Nikamwuliza nimfanyie nini. Nilikuwa na bahasha mfukoni, nayo nitaisema kwa sababu nataka kusema yote. Aliiona nilipoingiza mkono, akasema, "Hiyo weka kwanza." Akataka barua. Si ya mahakama. "Niandikie barua nimpe kaka yangu. Uandike kama ulivyonambia hapa."

Niliiandika palepale, kwa Kiswahili, kwa kalamu, kwenye karatasi yenye jina la kliniki yangu niliyokuwa nayo mkobani. Nimeandika ripoti nyingi mno maishani na hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Haikuwa na nyuzi wala asilimia. Ilisema kwamba nilimkagua dada yake mguu nisimwulize kazi yake inafanywaje, kwamba cherehani yake huendeshwa kwa kifundo kilekile kilichovunjika, kwamba nilichokiandika kilikuwa kosa langu na si uvivu wake. Akaisoma, akanirudishia. Nilikuwa nimesahau mhuri. Akataka niende nayo, niipige mhuri, niilete. Nikafanya hivyo. Bahasha aliichukua safari ya pili, bila kunishukuru, na sikutarajia shukrani.

Kampuni ya bima niliiandikia pia. Walijibu kwa ustaarabu kwamba faili limefungwa. Faili zao mpya zimepungua tangu nianze kuweka kwenye ripoti sehemu inayoeleza kazi ya mtu hatua kwa hatua: anasimama muda gani, ananyanyua nini, anakanyaga nini, chombo chake kinaendeshwaje. Wakati mwingine naomba waniletee picha ya video ya simu ya mwenzake akifanya kazi hiyo. Wakili mmoja aliniambia nimekuwa daktari wa wadai. Kwa upande mwingine, kuna wadai nao walionichukia, kwani nikiuliza kwa undani hutokea pia kwamba mtu aliyedai hawezi tena kazi yake anaiweza vizuri sana.

Lililobaki ni kabati la ripoti zangu. Sentensi ile sikuiandika mara moja tu. Ilikuwa nzuri, fupi, ikawa kwenye kompyuta, na nilikuwa nikiihamisha kutoka ripoti moja kwenda nyingine, nikibadilisha jina la kazi. Nimeanza kuzitoa ripoti hizo moja moja. Nimeshakuta dereva wa tuktuk aliyeumia mgongo: "kazi hiyo hufanywa akiwa ameketi". Nimekuta mama wa mahamri aliyevunjika nyonga, ambaye kwa mujibu wangu hukaanga akiwa ameketi, kana kwamba unga hujikanda wenyewe. Kesi yake imekwisha. Ya dereva bado haijasikilizwa. Nimewaandikia mawakili wa pande zote mbili kwamba naiondoa sentensi hiyo, na kwamba niko tayari kuitwa kizimbani kueleza kwa nini. Wakili wa bima alinipigia simu jioni hiyohiyo kuniuliza kama barua ile ni yangu kweli. Nikamwambia ni yangu, atazame mhuri.